Mtoto na Mhusika Wake: Ngonjera na Ufundishaji wa Maigizo katika Shule za Msingi tangu 1967

Katika mafunzo ya fasihi vyuoni, mhusika hujadiliwa kana kwamba ni mali ya mtunzi peke yake. Mwanafunzi huulizwa iwapo mhusika fulani ni bapa au duara, kwa kufuata mgawanyo alioutoa E. M. Forster mwaka 1927, kisha hutafuta ushahidi katika matini. Swali hilo lina manufaa yake. Hata hivyo, lilizuka katika uhakiki wa riwaya, na riwaya haina mwigizaji. Likihamishiwa kwenye mchezo unaochezwa na mtoto wa miaka kumi, huacha nje jambo kubwa: kuna mtu wa pili ambaye naye humuumba mhusika, na uumbaji wake unaweza kufundishwa, kuzuiwa, au kufanywa na mwingine kwa niaba yake. Historia ya maigizo katika shule za msingi za Afrika Mashariki, hususan historia ya ngonjera, yaonyesha jinsi mtu huyo wa pili alivyopewa nafasi pana ya kusema bila ya kupewa nafasi ya kuamua la kusema.

Mtoto hafiki shuleni akiwa mgeni wa uhusika. Katika mchezo wa baba na mama, ambao watoto wengi nchini Kenya huuita kalongolongo, msichana wa miaka sita huwa mama kwa alasiri nzima. Hana mswada. Huamua mwenyewe kama mama huyo ni mkali au mpole, na uamuzi huo haudumu: mwenzake aliye baba akirejea mikono mitupu, mama aliyekuwa mpole hana budi kutafuta namna nyingine ya kuwa mama. Mhusika wake hukua kwa sababu yeye hajui mwenzake atasema nini. Hadhira haipo, na mtu mzima akisogea kutazama, aghalabu mchezo hukatika. Mwingereza Peter Slade, katika kitabu chake Child Drama (1954), alishikilia kwamba mchezo wa aina hii ni sanaa kamili yenye hadhi yake, wala si maandalizi tu ya tamthilia ya watu wazima, na akaonya dhidi ya kumpandisha mtoto mdogo jukwaani kabla ya wakati. Huenda Slade alitia chumvi, kwani watoto wengi hufurahia kutazamwa. Lakini hoja yake ya msingi inasimama hata nje ya Uingereza. Penina Mlama, katika tasnifu yake ya uzamifu iliyowasilishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1983, aliyachunguza maonyesho ya jadi ya Wakaguru kama asasi ya elimu, na uchunguzi huo wathibitisha kwamba kufundisha kwa kuigiza hakukuja na chaki na ubao.

Shule ya kikoloni haikujenga juu ya msingi huo. Ilileta aina mbili za maigizo ambazo, ingawa hazikufanana kwa sura, zilikuwa na athari moja. Ya kwanza ni tamthilia ya Kiingereza, Shakespeare akiwa kileleni. Nchini Kenya, tamasha za drama za shule zilizoanza mwaka 1959 zilitawaliwa mwanzoni na shule za Wazungu na michezo yao, na makao yake yalikuwa Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza jijini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1952. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), amesimulia jinsi tamasha hizo zilivyotolewa polepole katika mazingira hayo wakati wa miaka ya 1970. Kwa mtoto Mwafrika aliyefika huko mapema, kumjenga mhusika kulianzia na aghalabu kuliishia ulimini: atamke kama Mwingereza, mengine yatafuata. Aina ya pili ni vichekesho, vilivyoshamiri Tanganyika. Humo alichekwa mshamba asiyejua ustaarabu wa mjini, mavazi yake, mwendo wake na lafudhi yake. Mtoto aliyepewa nafasi ya mshamba huyo alikuwa, kwa hakika, anamwigiza babaye. Alifundishwa kumjenga mhusika kwa kumpunguza, na kipimo cha ufanisi kilikuwa kicheko cha wenzake.

Uhuru ulipopatikana, serikali ya Tanganyika iliunda mwaka 1962 wizara iliyoshughulikia utamaduni wa taifa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitafsiri Shakespeare: Juliasi Kaizari ilichapishwa mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tamthilia hizo zilikikweza Kiswahili, lakini hazikuwa za darasa la nne. Mabadiliko yaliyomfikia mtoto wa shule ya msingi yalitokana na mwaka 1967. Azimio la Arusha lilipitishwa mwezi Februari. Elimu ya Kujitegemea ikafuata mwezi Machi. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Washairi waliombwa na Nyerere wayaeneze mafundisho ya Azimio kwa wananchi. Aliyeitikia kwa njia iliyobadilisha mazoea ya shule ni Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma, mshairi na mwanahistoria wa Wagogo, aliyekuwa mstari wa mbele katika Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, yaani UKUTA. Mnyampala alifariki mwaka 1969. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, mtunzi akiwa hayupo kuona kitakavyotumiwa.

Ngonjera, kwa umbo lake, ni shairi la majibizano linalochezwa. Beti zake kwa kawaida zafuata arudhi: mishororo minne, vina vya kati na vya mwisho, mizani kumi na sita. Wahusika hugawana beti, mmoja akitetea jambo na mwingine akilipinga, mpaka mpinzani ashawishike na wote waimbe au wanene kwa kauli moja. Mhusika aghalabu hana jina la kibinafsi. Hutambulishwa kwa cheo, kazi au sifa. Mada zilikuwa zile za siku: ujamaa, kilimo, afya, kisomo cha watu wazima. Si ajabu kwamba utanzu huu ulienea upesi. Haukuhitaji jukwaa wala maleba. Vina na mizani vilisaidia kumbukumbu, na darasa zima liliweza kushirikishwa. Jambo hili la mwisho lilipata uzito zaidi Elimu ya Msingi kwa Wote ilipotekelezwa kuanzia mwaka 1977, madarasa yakafurika, na mwalimu mmoja akajikuta na watoto wengi kuliko nafasi za wahusika katika tamthilia yoyote ile.

Ni rahisi kwa mhakiki wa leo kuibeza ngonjera kuwa ni kasuku wa siasa. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kwa mara ya kwanza, mtoto wa kijijini alisimama mbele ya watu wazima, wakiwemo viongozi, akanena kwa Kiswahili sanifu bila ya mtu kumcheka. Mshamba wa vichekesho alipotea, na nafasi yake ikachukuliwa na mkulima anayejibu hoja. Mtoto alijifunza kupumua, kupaza sauti, kusubiri zamu yake na kutazamana na mwenzake. Hizo ni stadi za mwigizaji, na haifai kuzidharau.

Kasoro iko kwingine, na ili kuiona yafaa kuitazama ngonjera pamoja na utanzu uliokuwapo kabla yake. Ushairi wa Kiswahili wa pwani una mapokeo ya kale ya kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi katika uhasama wa miji yao mwanzoni mwa karne ya 19, na malumbano ya aina hiyo yaliendelea baadaye katika kurasa za magazeti ya Kiswahili. Katika malumbano, kila upande una mtunzi wake. Anayetupa shairi hajui atajibiwa nini. Pengine jibu litamwaibisha, pengine litamlazimisha abadili msimamo wake au aufiche kwa ustadi zaidi. Nafsi inayonena katika shairi la pili si ile ile iliyonena katika la kwanza, maadamu imekwisha kupigwa. Kwa istilahi za uhakiki, nafsi ya malumbano hukua kutokana na mgongano wa kweli.

Ngonjera ilichukua umbo hilo lakini ikaondoa hatari yake. Pande zote mbili zimeandikwa na mkono mmoja. Mpinzani hushindwa kwa kuwa iliamuliwa ashindwe kabla hajafungua kinywa, na mtoto anayemwigiza anajua hivyo tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Anafundishwa kutoa hoja isiyotarajiwa kusadikiwa na yeyote, hata na yeye mwenyewe. Ndiyo maana katika ngonjera nyingi badiliko la mpinzani halina sababu ya ndani. Katika ubeti mmoja anakataa kisomo kwa kuwa amezeeka. Katika ubeti unaofuata anaomba kalamu. Kilichotokea kati ya beti hizo mbili, aibu, tamaa, uchovu, hofu ya jirani, hakimo. Nafasi hiyo tupu ndipo mahali hasa ambapo mwalimu wa maigizo angeweza kufanya kazi yake.

Hapa panazuka jambo ambalo wahakiki hawalizingatii vya kutosha. Katika ngonjera, mwerevu hana pa kwenda. Anaanza akijua na anamaliza akijua. Ni bapa kwa maana kamili ya neno. Anayetembea, hata kama mwendo wake umeamriwa, ni yule anayeitwa mjinga. Ana sababu za kukataa, na mtunzi hana budi kuzitaja ili zijibiwe; na kila anapozitaja kwa ufundi, anafungua mlango ambao hakukusudia kuufungua. Mkulima asemaye kwamba shamba la kijiji halimlishi mwanawe yu karibu zaidi na uhai kuliko mshauri wake mwenye takwimu. Mwalimu makini angeanzia hapo. Angemwuliza mtoto: mtu huyu amekula nini leo? Nani anamngojea nyumbani? Ameyasikia maneno haya mara ngapi kabla ya leo, na mara hii yana tofauti gani? Maswali hayo hayabadili hata mzani mmoja wa shairi, ilhali humbadili kabisa anayelinena.

Mazoezi mengi hayakuwa hivyo. Ufundishaji ulihusu kukariri, kusimama mstarini, na ishara za mikono zinazofuata maana ya neno: mkono kifuani kwa upendo, kidole juu kwa onyo. Ishara hizo zilikuwa zile zile kwa watoto wote, hivyo mwili wa mtoto nao ukawa umeandikwa. Sababu haikuwa uvivu wa walimu. Ngonjera ilitayarishwa kwa ajili ya siku fulani, aghalabu siku ya Saba Saba au ya ziara ya kiongozi, na mwalimu aliyeachia mtoto nafasi ya kufikiri mbele ya mgeni rasmi alijiweka mashakani. Mtoto aliyesahau ubeti alikuwa kosa la mwalimu. Mtoto aliyeutoa bila kuuelewa hakuwa kosa la yeyote.

Upinzani dhidi ya hali hii ulitoka ndani ya Tanzania yenyewe. Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa na idara ya sanaa za maonyesho tangu mwaka 1967, na kufikia miaka ya 1980 wanazuoni wake walikuwa wamekwisha kuandika waziwazi kwamba kwaya, ngoma na ngonjera zimegeuzwa vipaza sauti vya siasa. Pamoja na kukosoa, walijaribu njia nyingine. Katika mradi wa Malya, wilayani Kwimba, uliofanyika katika miaka ya 1982 na 1983, na ambao Mlama ameueleza katika Culture and Development (1991), kazi haikuanza na mswada. Ilianza na utafiti wa matatizo ya kijiji, yakiwemo ukosefu wa kazi kwa vijana na mimba za wasichana wa shule. Kisha uchambuzi, utungaji wa pamoja, onyesho, na majadiliano baada ya onyesho. Washiriki walikuwa vijana na wanakijiji, si watoto wadogo. Lakini kuanzia mwaka 1990, Mlama na Amandina Lihamba waliupeleka mwelekeo huo kwa watoto kupitia mradi wa sanaa za maonyesho za watoto wa chuo hicho, na mwaka 1996 wakauanzisha mradi wa TUSEME kwa wasichana wa sekondari. Katika kazi za aina hii mhusika hutokana na jambo alilolitambua mtoto mwenyewe. Msichana anayemwigiza mwalimu mwonevu hahitaji kuelezwa jinsi mwalimu huyo anavyosimama.

Kwa wakati huo huo, bila ya uhusiano wa moja kwa moja, suala hili lilikuwa likijadiliwa Uingereza, nchi ambayo shule zake zilikuwa kigezo cha shule za kikoloni. Dorothy Heathcote (1926–2011), aliyefundisha kwa miaka mingi Newcastle, hakuwapa watoto maneno ya kusema wala hakuwaacha wacheze watakavyo kama Slade. Aliwaweka katika hali yenye shida, kisha akaingia yeye mwenyewe akiwa mhusika. Katika filamu ya BBC iitwayo Three Looms Waiting, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wavulana wanakuwa mateka wa vita naye anakuwa afisa wa adui. Mwalimu anapokuwa adui, jibu sahihi halipo tena usoni mwake. Mtoto analazimika kulitafuta ndani ya mtu anayemwigiza. Ni malumbano kwa njia nyingine. David Hornbrook, katika Education and Dramatic Art (1989), alilalamika kwamba mbinu za Heathcote na wenzake zimeitenga drama ya shule na sanaa ya jukwaa, hata mtoto akabaki na uzoefu bila ya ufundi. Pingamizi hilo lina uzito, na bila kukusudia laitetea ngonjera. Mtoto wa ngonjera alikuwa na ufundi: umbo, lugha, nidhamu ya sauti. Alichokosa ni uhuru wa kuamua. Yule wa Heathcote alikuwa na uhuru huo, lakini huenda asikumbuke sentensi moja iliyo nzuri.

Kenya ilizirithi pande zote mbili bila ya kuzipatanisha. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi, na ngonjera ikaingia vitabuni na katika tamasha. Drama yenyewe haikuwa somo la mtihani. Ilibaki shughuli ya tamasha, zenye ngazi za mashindano kutoka mashinani hadi taifa, na washindi wakialikwa kuigiza mbele ya Rais. Tamasha hizo zimekuza vipaji vingi, na ni unafiki kwa mhakiki wa fasihi kuyasahau hayo. Lakini mantiki ya mashindano yafanana mno na ile ya ziara ya kiongozi. Aghalabu mswada huandikwa na mwalimu, au na mtunzi aliyekodiwa. Mtoto huletwa ili aujaze. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unataja ubunifu na sanaa za maonyesho kwa maneno mengi mazuri. Mwalimu aliyezoea kumfundisha mtoto mkono uinuke katika silabi gani hapati ujuzi mwingine kwa kubadilishiwa mtaala.

Ukubwa wa suala hili ulidhihirika katika ngazi ya sekondari. Mwaka 2013 mchezo Shackles of Doom wa Shule ya Wasichana ya Butere ulizuiwa kuingia tamasha za kitaifa mpaka mahakama ilipoamuru uchezwe. Mwezi Aprili 2025, mchezo mwingine wa shule hiyo, Echoes of War, ulileta mgogoro mkubwa zaidi huko Nakuru: mahakama iliamuru uruhusiwe, polisi wakatumia vitoa machozi nje, na wasichana hao, wakiwa hawana mwelekezi wao, waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila ya kuigiza. Mijadala iliyofuata ilihusu mtunzi, Cleophas Malala, na serikali. Nani kaandika, kwa nia gani, nani kakataza. Kuhusu waigizaji, ilichukuliwa na pande zote kwamba wao ni chombo: upande mmoja ukidai wametumiwa, wa pili ukidai wamezibwa midomo. Ni nadra kuulizwa wasichana wale walikuwa wamewafahamu vipi wahusika wao, na kama kukataa kwao kuigiza kulitokana kwa kiasi fulani na ufahamu huo.

Kwa shule ya msingi, njia iliyo karibu zaidi haihitaji utanzu mpya. Ngonjera yaweza kurudishwa kwenye malumbano ilikotoka. Mwalimu akiliandikia darasa beti za upande mmoja tu, na kundi la pili likaachiwa litunge majibu yake bila ya kuonyeshwa mapema kwa kundi la kwanza, mtoto atajikuta tena katika hali ya yule msichana wa kalongolongo: hajui mwenzake atasema nini. Vina vitayumba. Mizani haitatimia katika beti nyingi, na mwamuzi wa tamasha, aliye na fomu yenye alama za matamshi na za ukumbukaji wa maneno, hatakuwa na safu ya kumwandikia mtoto aliyenyamaza kwa muda katikati ya ubeti kwa sababu hoja ya mwenzake ilimgusa.